Kinga inalia na haujue ni wapi: tuisake hiyo kelele

Bandugu wa kinga, yaani baisikeli, hii ni ya kila mtu mwenye velo inayolia kwi-kwi-kwi toka Majengo mpaka Birere hapa Goma, ameshatia mafuta kila pahali penye tundu na bado inalia. Kabla ya kushika kle (spana) yoyote tukubaliane kitu kimoja: masikio yatakudanganya. Fremu ya kinga ni mabomba matupu ya chuma yameunganishwa, sauti ikiingia upande mmoja inatembea ndani ya bomba inatokea upande mwingine, kwa hiyo kitu kinacholia chini ya kiti utakisikia kwenye pedali, na cha kwenye gidoni (usukani) utaapa kiko kwenye gurudumu la mbele. Njo maana watu wanabadilisha pedali, wanabadilisha cheni, wanarudi kwa fundi wanabadilisha gololi (vile vipira vya chuma) za katikati, pesa inaisha na kelele iko palepale. Usinunue piesi ata moja mbele haujajua kelele inalia wakati gani. Ukishajua wakati, mahali patajionyesha penyewe.

Chuma hakilii bure. Kelele ya kwi inatokea pale vitu viwili vimebanana na vinataka kusogea kiloko tu, vinashikana, vinaachana, vinashikana tena, mamia ya mara kwa sekunde moja, na huo mtetemo njo sauti unayosikia. Kusogea kwenyewe kunaweza kuwa kudogo kuliko unene wa karatasi, jicho haliwezi kukuona. Kwa hiyo dawa ziko tatu tu: kusafisha, kulainisha, ao kukaza. Kazi ngumu ni kujua uzitumie wapi.

Na sisi wa Goma tuna adui wa ziada, vumbi letu. Lava ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji, ya Mei 2021 ikafika mpaka Buhene, na kila siku tunatembea juu ya mawe ya volkano, tunayaponda, tunajengea, tunatandika kwenye njia. Ule mchanga mweusi si mviringo kama wa ziwa, una kingo kali, ukiingia kwenye gresi unageuka kuwa kitu cha kusagia chuma. Fungua pedali yoyote ambayo imefanya miezi kwenye njia za Ndosho, pangusa ndani kwa kidole, utaona uji mweusi, na ukiusugua kati ya vidole viwili utasikia unakwaruza. Huo uji njo unakula gololi zako. Kwa hiyo mtu akikuambia "weka mafuta tu itanyamaza", kweli itanyamaza, siku mbili tatu, ju mafuta yamepeleka mchanga ndani zaidi.

Kwanza jaribu, usifungue kitu

Tafuta saa ambayo mji uko kimya. Saa kumi na mbili asubuhi ni nzuri, motari hawajajaa bado na magrupu (jenereta) hayajawashwa. Toa mizigo yote, toa kamba, toa bido (madumu), toa ata kifunguo kinachoning'inia. Chagua pahali pa asfalti, ju kwenye mawe kila kitu kinalia na hautajua chochote. Mteremko mdogo unaoshuka upande wa ziwa ni mzuri sana.

Piga pedali mpaka ilie, halafu acha kupiga, iache iteleze yenyewe. Ikinyamaza palepale basi shida iko kwenye vile vitu vinavyofanya kazi wakati miguu inafanya kazi: cheni, pedali, mikono ya pedali, ekseli ya katikati, na pia kiti, usisahau kiti, ju miguu ikisukuma matako yanasogea. Ikiendelea kulia ukiwa unateleza, hiyo ni magurudumu, gardebu (bati la kuzuia matope), mpira unaogusa pahali, freni inayogusa janti (duara la chuma la gurudumu). Ikilia tu ukishika freni, hauna haja ya kusoma yote, ruka mpaka chini. Ikilia tu ukipita kwenye shimo ao jiwe, angalia portebagaji (kibebeo cha mizigo) na vitu vyote vilivyofungwa kwa bolti.

Halafu simama juu ya pedali, kiti kisikuguse kabisa, piga hivyohivyo. Imenyamaza? Ni kiti ao lile bomba linalobeba kiti. Bado inalia? Kiti hakina kosa. Sekunde kumi tu na umeshaondoa nusu ya washukiwa. Piga pedali na mguu wa kushoto peke yake, halafu wa kuume peke yake. Halafu shuka, simama pembeni, kamata freni ya mbele na usukume kinga mbele na nyuma, mbele na nyuma, ukisikiliza shingo ya gidoni.

Kitu kimoja wengi hawakifanyi: mpe mtu mwingine kinga aendeshe pole pole, wewe tembea pembeni yake umeinamisha sikio. Uko juu ya kinga unasikia kupitia matako na mikono, kelele yote inakuja kwako kupitia fremu. Aliye pembeni anasikia kupitia hewa, na hewa haidanganyi sana. Kijana wa nyumbani ama jirani anatosha.

Hesabu, hesabu ndiyo inasema kweli

Hapa nataka tukae kiloko ju hii sehemu njo inaokoa pesa. Kelele karibu zote za kinga zinarudi kwa mpangilio, na mpangilio unakuambia ni kitu gani kinazunguka.

Hesabu meno ya gia kubwa ya mbele na ya ile gia ya nyuma. Kwenye hizi kinga zetu za Phoenix na Hero zenye gia moja mara nyingi utakuta kitu kama 48 mbele na 18 nyuma, zako zinaweza kuwa tofauti, wewe hesabu tu, weka alama na chaki kwenye jino la kwanza usipotee. Na 48 kwa 18, kila ukizungusha pedali mara moja gurudumu la nyuma linazunguka mara mbili na zaidi ya nusu. Sasa funga kipande cha kitambaa kwenye pedali ya kuume, endesha, na kila kitambaa kikifika juu sema "moja" kwa sauti.

Kelele ikilia mara moja kwa kila mzunguko wa pedali, na kila mara pedali ikiwa pahali palepale, ni pedali hiyo, ama mkono wake, ama ekseli ya katikati, ama jino lililopinda la gia ya mbele. Ikilia mara mbili kwa mzunguko, kila mguu ukisukuma chini, fikiria ekseli ya katikati ama kiti. Ikilia mara mbili na nusu hivi, haraka kuliko miguu yako, hiyo ni gurudumu: mpira umegusa gardebu, janti imepinda inagusa freni pahali pamoja, rayoni (spoki) imelegea.

Na ile ambayo inawachanganya mafundi wengi ni kelele inayokuja polepole kuliko pedali, inalia, inanyamaza, unazungusha mara mbili na kiloko, inalia tena. Hiyo ni cheni, ju cheni njo kitu pekee kinachozunguka polepole kuliko miguu yako. Cheni ya viungo 112 kwenye gia ya meno 48 inamaliza mzunguko wake kila pedali ikizunguka mara mbili na theluthi. Maana yake kuna kiungo kimoja, kimoja tu, kimekauka ama kimeshikwa na kutu hakikunji vizuri. Pindua kinga, gurudumu juu, zungusha pedali kwa mkono kinyumenyume pole pole ukiangalia pale cheni inapotoka kwenye gia ya nyuma, kile kiungo kigumu kitaruka, kitabaki kimekunjwa kidogo wakati wenzake wamenyooka. Kikamate na vidole viwili, kipinde kushoto na kuume, si juu na chini, tia tone la mafuta membamba, kitaachia. Hauhitaji cheni mpya.

Cheni

Cheni iliyokauka inalia kama vifaranga, kwi kwi kwi bila kupumzika, sauti nyembamba, na inazidi ukipanda mlima. Hii ni rahisi kutambua, ila watu wanaitibu vibaya na hapo nina la kusema.

Mafuta ya vidanji, yale meusi wanayotoa kwenye magari na pikipiki, yako kila garaji na unaweza kuyapata bure, najua. Usiyatie. Mle ndani kuna vumbi la chuma lililotoka kwenye moteri na mabaki ya moshi, na yale mafuta ni mazito yanakamata vumbi la lava kwa nje, wiki moja tu cheni imekuwa kama msumeno, inakula meno ya gia mbele na nyuma. Mawese nayo hapana, yanaganda asubuhi ya baridi na yanashika vumbi vibaya sana. Mafuta membamba ya cherehani ni bora kuliko yote mawili, kwenye cheni yanakauka haraka kweli, lakini rudia kila wiki kuliko kutia mazito mara moja kwa miezi.

Namna ya kutia ina maana kuliko mafuta yenyewe. Kwanza safisha, na petroli ya taa na mswaki wa zamani, nje ya nyumba, mbali na babula (jiko la makaa), usifanye jikoni. Pangusa mpaka kitambaa kitoke bila weusi, iache ikauke kabisa. Halafu tone moja kwa kila kiungo, upande wa ndani wa cheni, ukizungusha pedali kinyumenyume. Ngoja nusu saa. Halafu, na hii watu wanaikataa kila siku, pangusa mafuta yote ya nje mpaka cheni ionekane kama haikutiwa kitu. Mafuta yanatakiwa ndani ya vipini, pale chuma kinapozunguka juu ya chuma. Ya nje kazi yake ni moja tu, kukusanya vumbi.

Kwa miezi ya kiangazi, Juni mpaka Agosti, wakati vumbi linapanda mpaka madirishani, kuna dawa nyingine ninayoipenda zaidi: mshumaa, buji ile nyeupe ya kawaida tunayowasha mwanga ukikatika. Toa cheni, isafishe kabisa kabisa, mafuta yakibaki ndani nta haitashika. Vunja mishumaa weka kwenye kopo, kopo uliweke ndani ya sufuria yenye maji ya moto, usiweke kopo moja kwa moja juu ya moto ju nta inaweza kushika moto na moto wa nta hauzimwi na maji. Ikiyeyuka ingiza cheni, utaona mapovu yanatoka kwenye viungo, hayo ni hewa inatoka na nta inaingia. Mapovu yakiisha itoe, itundike, ikipoa itakuwa ngumu kama fimbo, ikunje kiungo kwa kiungo mpaka ilegee. Cheni ya nta iko kavu kwa nje, unaishika mkono unabaki msafi, vumbi halina pa kushika. Ila mvua ikianza rudi kwenye mafuta, maji yanaingia chini ya nta na kutu inakuja haraka.

Ukirudisha cheni angalia ile klipu ya kiungo cha kufungia, upande wake uliofungwa uelekee kule cheni inakokwenda, ule wenye mwanya uwe nyuma. Na usiikaze cheni kupita, katikati yake iwe na mchezo wa sentimeta moja hivi juu na chini, cheni iliyokazwa sana inanguruma na inaua gololi za nyuma. Kama bado ina shida pima: pini moja mpaka pini ya 24 baada yake, katikati kwa katikati, ni sentimeta 30 na nusu kwa cheni mpya. Ikifika 30.8 cheni imelika, hapo sasa nunua.

Pedali na mkono wake

Kelele ya mara moja kwa mzunguko, na mguu mmoja peke yake unaitoa. Anza na kitu kidogo, kiatu. Kweli, angalia kama soli yako ama kamba ya kiatu inasugua mkono wa pedali. Jaribu peku ama na sandali kabla haujafungua chochote.

Halafu kaza pedali kwenye mkono wake na kle ya 15. Zote mbili zinakazwa kwa kuzungusha kle kuelekea mbele ya kinga, ju ya kushoto ina nyuzi za kinyume. Vijana wengi wanaharibu ya kushoto hapa, wanafungua wakifikiri wanakaza, wanatumia nguvu, nyuzi zinakatika, na mkono wa pedali unakuwa wa kutupa. Mara nyingi kelele iko palepale kwenye nyuzi, hazina gresi. Toa pedali, safisha nyuzi za pande zote mbili, paka gresi, rudisha, kaza. Pedali yenyewe ikikwaruza ukiizungusha na kidole, mchanga uko ndani: fungua kile kifuniko cha nje, osha gololi na petroli ya taa, gresi mpya, funga. Ukiikaza ile koni ya ndani inayobana gololi, izunguke bila kubana na bila kucheza.

Sasa tufike kwa klaveti, kile kipini cha chuma kinachobana mkono wa pedali kwenye ekseli ya katikati. Kinga zetu nyingi ziko nazo na ni mwizi mkubwa wa pesa za watu ju sauti yake, tok, tok, unaisikia kama gololi zimevunjika. Jaribio lake ni hili: weka mikono ya pedali sawasawa na ardhi, mmoja mbele mmoja nyuma, kamata freni, simama juu ya pedali zote mbili kwa uzito wako wote. Sikia. Zungusha nusu mzunguko, simama tena. Mkono ukisogea ata kiloko na kutoa tok kila unapobadilisha, klaveti imelegea. Kukaza nati yake peke yake hakutoshi, nati haina nguvu ya kuivuta, itakata nyuzi tu. Weka kipande cha bomba ama gogo gumu chini ya mkono wa pedali kiubebe, gonga klaveti na nyundo iingie, ndiyo ukaze nati, endesha mzigo siku moja, gonga na kaza tena. Bila kitu cha kubeba chini, kila pigo la nyundo linaenda kwenye gololi. Na klaveti iliyoshachimbika kwenye uso wake bapa ni ya kutupa, haitakaa tena.

Ikiwa klaveti zimekaza na bado kuna kunguruma katikati, toa cheni kwenye gia, zungusha mikono ya pedali ikiwa bure, shika turnevisi (bisibisi) ndefu, ncha yake iguse bomba la katikati pale ekseli inapopita, na mpini uuweke kwenye mfupa wa mbele ya sikio. Utashangaa. Gololi nzuri zinatoa sauti laini kama pumzi, mbovu zinakwaruza na unaweza ata kusikia ni upande gani. Mle kwa kawaida kunakuwa na gololi 11 kila upande, za robo inchi. Ukibadilisha badilisha zote za upande ule, usichanganye mpya na za zamani, ju zile mpya ni kubwa kidogo zitabeba mzigo wote peke yake.

Kiti

Kiti njo mwongo wa kwanza. Kinalia kila mguu ukisukuma, kwa hiyo kila mtu anafikiri ni pedali. Jaribio la kusimama limeshakuambia. Kama ni kiti cha springi, tone la mafuta pale springi inapogusana na mwenzake na pale inapoingia kwenye bolti. Kaza nati mbili za kile kibano cha chini pande zote mbili kwa zamu, kiloko kushoto, kiloko kuume. Ikiendelea, weka alama ya kalamu kwenye bomba la kiti ujue urefu wako, litoe lote, pangusa, pangusa na ndani ya fremu mpaka kitambaa kitoke kisafi, paka gresi nyembamba, rudisha. Mvua inaingia hapo kila siku na bomba lisilotolewa miaka mingi linashikana na fremu moja kwa moja, ukija kulitaka halitoki tena. Kwa hiyo ata kama kinga yako hailii fanya hiki.

Magurudumu na mizigo

Mtu anayeteka maji ziwani na bido nne za lita 20, hiyo ni kilo 80 nyuma, kabla ya kuhesabu mwili wake. Rayoni zinalegea na zile zinazopishana zinasuguana, krik, krik, inasikika zaidi kwa kona na ukipanda. Kamata mbili mbili kwa mkono uziminye zunguka gurudumu lote, iliyolegea utaisikia, na ukiziminya mara nyingine ile kelele inajitokeza palepale ukiwa umesimama. Tone dogo la mafuta pale zinapopishana, na kwa janti kwenye nati ndogo za rayoni. Za kulegea zikazwe na mtu anayejua, robo mzunguko kwa mara moja, ju ukikaza moja sana janti inapinda.

Kitovu cha gurudumu kinanguruma zaidi ya kulia. Inua gurudumu, zungusha, shika kiti ama uma unaobeba gurudumu la mbele kwa mkono mwingine, utasikia mkwaruzo kwenye vidole. Mbele gololi 10 kila upande, nyuma 9. Osha, gresi, rudisha. Na ikiwa kelele iko tu wakati unateleza bila kupiga pedali, nyuma, angalia ile gia ya nyuma, laza kinga ubavu, tia mafuta membamba kwenye mwanya wake ukiizungusha. Gresi nzito usitie mle, vimeno vya ndani vitanata na siku moja pedali itazunguka bure kwenye mlima.

Gardebu, portebagaji, kifuniko cha cheni, kaza vyote, pale chuma kinapogusa chuma weka kipande cha mpira wa zamani katikati. Kamba ya mzigo nayo inalia ikisugua bido, njo maana nimesema utoe mizigo kwanza.

Shingo ya gidoni, ukisukuma na freni ya mbele ukisikia ka, ka, imelegea, kaza ile nati kubwa ya juu mpaka mchezo uishe lakini gidoni ianguke yenyewe kushoto na kuume ukiinua gurudumu la mbele.

Freni

Kitu cha kwanza: usitie mafuta. Sijali inalia namna gani. Mteremko wa kwanza utakuja na freni hautakuwa nayo.

Freni inalia ju janti ni chafu, ama mpira wake umekuwa mgumu unang'aa kama kioo, ama unagusa vibaya. Osha janti na maji ya moto na sabuni, suuza, kisha pangusa na alkoli ya famasi na kitambaa ambacho hakijawahi kuona mafuta. Toa mipira ya freni, isugue kwenye msasa ama kwenye simenti safi mpaka uso wake uwe mweusi usiong'aa, na uangalie vizuri mle ndani, utakuta vipande vya mchanga wa lava na vichembe vya janti vimezama, vitoe kimoja kimoja na sindano. Vikibaki vitachora janti yako mpaka iwe nyembamba.

Kwa freni za kubana pembeni, rudisha mpira hivi kwamba ncha yake ya mbele, upande ambao janti inakwenda, iguse kwanza na ya nyuma ibaki na nafasi ya milimeta moja. Weka kipande cha karatasi ngumu kwenye ncha ya nyuma, shika freni, kaza bolti, toa karatasi. Zile freni za vyuma vinavyovuta kwenda juu hazina nafasi ya kupanga hivyo, kwao angalia tu mpira uguse janti kwa uso wote na vile vyuma visiwe na mchezo kwenye maungio. Freni inayolia tu wakati wa mvua na kunyamaza gurudumu likishazunguka mara kadhaa haina ugonjwa.

Umefanya vyote na bado inalia

Osha kinga nzima, ikauke, ipeleke kwenye jua. Anza pale bomba la juu na la chini yanapokutana na shingo, shuka mpaka bomba la katikati, halafu yale mabomba mawili membamba yanayoenda kwenye gurudumu la nyuma. Unatafuta mstari. Mwembamba kama unywele, mara nyingine umetoa kutu kidogo kama chozi la kahawia, mara nyingine ni rangi tu imepasuka. Pitisha ukucha juu yake, ukikwama, ule ni ufa wa chuma. Mtu mmoja abonyeze pedali kwa nguvu freni ikiwa imeshikwa na wewe uangalie, ufa unafunguka na kufunga na njo hapo kelele inatoka. Kelele ya ufa ni nzito, inakoroma, inazidi kila wiki, na hakuna gresi inayoigusa.

Hiyo kinga isibebe mtu wala bido mpaka fundi wa kuchomelea aishughulikie, na akishachomelea ipakie mzigo mdogo kwanza kwenye njia tambarare, uangalie ule mshono tena jioni kwenye mwanga mzuri. Ufa ukiwa kwenye shingo ama kwenye uma wa mbele, usichomelee, badilisha.